Nyasi za Nani, Kivuli cha Nani

—Paukwa.

—Pakawa.

—Palikuwa na mahali.

—Mahali gani?

—Mahali ambapo miti ilisogeleana, kisha ikaoneana haya.

—Tupeleke tukapaone.

Haya, tufuatane. Mikono imenye karanga, masikio yawe kwangu. Anayetafuna namsikia.

Zamani sana, dunia ilipokuwa bado mbichi, wanyama walikutana kugawana nchi. Kila mmoja alitaka kwao pajulikane, pasije pakazuka ugomvi baadaye. Ngamia alichukua jangwa, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Pimbi alichukua milima ya mawe. Kiboko alichukua mabwawa na matope yake yote. Huko mbali kabisa, ambako wanasema ardhi imeganda na mti haumei, alipewa mnyama mmoja mweupe ambaye hakuna aliyemwona vizuri, kwa sababu siku hiyo alisimama kwenye ukungu. Jina lake silijui. Msiniulize.

Wakabaki wakubwa wawili, Ndovu na Mbogo. Ndovu alitaka msitu na Mbogo alitaka mbuga, na hapo pasingekuwa na neno, ila kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba atajiongezea. Wakabishana siku tatu. Siku ya nne wakakubaliana maneno ya mpaka, wakayasema mbele ya wote.

Ndovu akasema: "Msitu ni pale majani ya juu yamekumbatiana hata jua halifiki chini. Hapo ni pangu."

Mbogo akasema: "Mbuga ni pale jua linalala juu ya nyasi bila kubisha hodi. Hapo ni pangu."

Wakaapa. Atakayekula kwa mwenzake, hata tonge moja, atapoteza na kwake. Wakatema mate chini, wakaachana, kila mtu akaenda zake akiwa na furaha.

Basi kati ya msitu na mbuga palikuwa na nchi ambayo hakuna aliyeitaja. Kulikuwa na miti ya mininga huko, na ya mitundu, na ya mikola. Miti yake haikuwa mirefu na minene kama ya msituni, wala haikuwa mmoja hapa na mwingine kule kama ya mbugani. Ilisogeza vichwa, lakini haikukumbatiana. Chini yake palikuwa na nyasi. Jua liliingia kwa madoa madoa, doa hapa, doa pale, na kivuli katikati. Wenyeji walipaita miombo. Waliotoka msituni walipita wakasema, aa, hii ni mbuga. Waliotoka mbugani walipita wakasema, aa, huu ni msitu. Wenyeji wenyewe hawakuulizwa. Walikuwa wadogo, na kwenye mkutano hawakualikwa.

Nyamizi hapa ananiuliza: sasa ilikuwa msitu au mbuga? Ngoja, mwanangu. Wapo waliouliza kabla yako wakaumwa kichwa.

Katika miombo hiyo aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Amempita panya kidogo tu. Miguu yake ni myembamba kama njiti, na pua yake ni ndefu, inapindapinda kama pua ya mtu anayenusa uwongo. Bi Sange alikuwa na watoto wawili wachanga, wa wiki moja tu. Mume hakuwa naye. Mumewe alikufa kwa sababu ya kijiti kimoja.

Nitawaeleza. Sange hana pembe. Hana shimo la kuingia, wala hawezi kupanda mti. Alicho nacho ni njia. Kila asubuhi huamka akafagia vinjia vyake kwa miguu, fagia fagia, jani hili huku, jani lile kule, kutoka kitandani mpaka kwenye kichuguu, kutoka kwenye kichuguu mpaka kwenye gogo, kutoka kwenye gogo mpaka kitandani. Vinjia vyembamba kama kidole, lakini safi. Mwewe akishuka, sange anashika njia, tu-tu-tu-tu, ameshapotea. Nyoka akitokea, tu-tu-tu-tu, ameshapotea. Sasa siku moja upepo uliangusha kijiti njiani, na mumewe alikuwa hajafika hapo kufagia. Mwewe akashuka. Yule bwana akashika njia, akajikwaa, na habari yake ikaishia hapo. Tangu siku hiyo Bi Sange alifagia mara mbili, asubuhi na jioni.

Mwaka ninaousema, kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Moto ulikuwa umepita miomboni, kama unavyopita kila mwaka, umekula nyasi kavu ukaenda zake. Kwenye majivu yale meusi zikachipua nyasi changa, kijani kibichi, kabla hata mvua haijaja. Na juu mitini yakatoka majani mapya, mekundu kama hina ya bibi harusi. Miombo ndivyo ilivyo. Kwingine jani huzeeka likawa jekundu, huku huzaliwa jekundu.

Mbogo alikuwa mbugani kwake. Mbuga ilikuwa imekauka, kweli, lakini pembeni mwa mto nyasi bado zilikuwepo za kumtosha yeye na jamaa zake wote. Alikuwa akizilinda kwa pembe, asikubali nyamera wala punda milia aguse hata unyasi mmoja. Upepo ukamletea harufu ya nyasi changa kutoka miomboni. Akanusa. Akanusa tena. Akaziacha za mtoni, akaifuata harufu.

Bwi. Bwi. Bwi. Akaingia.

Kwato nne, na kila kwato pana kama sinia. Ilipotua kwato, kinjia kilizikwa. Kile cha kwenye kichuguu kikaenda. Cha kwenye gogo kikaenda, na gogo lenyewe likavunjika. Bi Sange alikuwa nje akitafuta mchwa. Aliporudi mbio, akakuta kwato moja imezama kiganja kimoja tu kutoka walipolala wanawe. Wale watoto walikuwa wamejibanza chini ya majani, macho yametoka, hawapumui.

Akawakumbatia. Halafu akaanza kuwaza. Kupigana hawezi. Kuhama hawezi, kwani watoto wale watavukaje mbuga iliyo wazi, mwewe wote wakiwaona? Na msituni kulikuwa na giza asilolijua. Akawaambia watoto wasitoke hapo hata wakisikia nini, kisha akamwendea Mbogo.

"Shikamoo, Bwana Mbogo."

Mbogo akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu.

"Niko huku chini, bwana, karibu na kwato ya kushoto. Tafadhali usiisogeze."

"Marahaba. Una shida gani?"

Bi Sange akasema hana shida, amekuja tu kumsalimu mgeni. Ila kuna jambo moja linawasumbua wenyeji wa hapa, wadogo wasio na elimu, na kwa kuwa mkubwa amekuja mwenyewe, huenda akawasaidia.

"Hapa uliposimama, bwana, ni mbugani au ni msituni?"

"Mbugani," Mbogo akajibu kinywa kimejaa. "Penye nyasi ni pangu."

"Hata mimi ndivyo nilivyodhani. Hebu tazama juu."

Mbogo akatazama juu. Majani. Akatazama chini. Nyasi. Akatazama juu, majani. Akatazama chini, nyasi. Shingo ile nene ikaanza kumuuma, na kutafuna kukakoma. Akakumbuka kiapo. Akauliza polepole kama Ndovu amewahi kuonekana pande hizi. Bi Sange akamjibu kwamba Ndovu akitaka kuja atakuja, na siku yake haijulikani. Hapo hakusema uwongo.

Mbogo akabaki na nyasi mdomoni, hajui ateme au ameze.

"Mbona jambo lenyewe ni jepesi, bwana," Bi Sange akamwambia. "Jua likilala juu ya nyasi, ni mbuga, ni pako. Kivuli kikilala juu ya nyasi, ni msitu, ni pa Ndovu. Wewe kula penye jua tu, na hakuna atakayekushitaki."

Mbogo akapumua, fuu. Akatazama kote, akaona madoa ya jua yametapakaa, na kila doa lina nyasi zake. Akamshukuru hata yule mdogo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akachagua doa kubwa lililonona, akainamisha kichwa.

Kichwa cha Mbogo ni kikubwa. Na pembe zake ni pana. Alipokiinamisha, kivuli chake kikaanguka juu ya doa.

"Pamekuwa msitu, bwana," Bi Sange akasema taratibu.

Mbogo akainua kichwa. Jua likarudi.

"Sasa ni mbuga."

Akainamisha kichwa. Kivuli.

"Sasa ni msitu."

Akainua. Mbuga. Akainamisha. Msitu. Akajaribu kwa ubavu wa kulia, msitu. Akajaribu kwa ubavu wa kushoto, msitu. Akarudi nyuma hatua tatu, doa likawa limeng'aa vizuri, akalijia mbio ili alishitukize, na alipofika pua chini palikuwa msitu. Na upepo nao haukumsaidia. Ukitikisa majani, doa linahama, na yeye nyuma yake, bwi bwi, mpaka doa linaruka juu ya jiwe lisilo na nyasi kabisa. Saa sita mchana alisimama katikati ya chakula, miguu imetanuka, uzi wa mate unaning'inia, hajui dunia inakwenda wapi.

Jioni akarudi mtoni akala nyasi zake. Lakini ladha hakuiona. Nyasi ulizonyimwa ndizo tamu.

Siku ya pili akaja tena, ikawa vile vile. Na siku zote hizo Bi Sange alimfuata kwa nyuma, akimwonyesha kwa adabu mahali pa kukanyaga, ili vinjia vilivyobaki vipone.

Siku ya tatu jioni, jua likiwa limeshuka kule magharibi, Mbogo kwa kuchoka tu akasimama akilielekea. Macho yakamwuma. Akainamisha kichwa ili aepuke mwanga, na mbele ya pua yake nyasi zikabaki zinang'aa. Kivuli chake chote kilikuwa kimeanguka nyuma. Akasubiri aambiwe pamekuwa msitu. Hakusikia kitu. Akang'ata. Chwa.

"Hapa je?" akauliza.

Bi Sange akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Ni mbuga, bwana," akasema.

Kuanzia hapo Mbogo akawa anakula akilielekea jua. Asubuhi anaingia kwa magharibi anakwenda mashariki, chwa, chwa, jioni anageuka anarudi, chwa, chwa, machozi yakimtiririka kwa mwanga, lakini anakula. Na kwa kuwa macho hayaoni vizuri, hachagui tena pa kukanyaga. Siku mbili tu, Bi Sange akabakiwa na kinjia kimoja, kile cha kitandani. Usiku huo hakulala. Mtoto mmoja alijaribu kukimbia akajikwaa kwenye bonge la udongo, na Bi Sange akawa kama anamwona mumewe siku ile ya kijiti.

Asubuhi akaamua. Alijua ni hatari, lakini alisema moyoni kwamba mwenye nguvu humwogopa mwenye nguvu. Akawaficha watoto ndani ya gogo lililovunjika, akakimbia mpaka ukingo wa msitu, akamwambia Ndovu kwamba kuna mtu anakula chini ya miti.

Ndovu hakuuliza mara mbili. Akatoka, masikio yametanda. Na Bi Sange akarudi naye akiwa na moyo mwepesi, akidhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ndovu alipofika alisimama, akapapasa mtundu mmoja kwa mkonga. Akabandua ganda. Akaonja. Lilikuwa tamu, lina maji ya mti unaojiandaa kwa mvua. Akasahau alichojia. Akaegemeza paji la uso kwenye ule mti, akasukuma. Kaa, kaa, kaa, pwaa. Mti ukalala. Akaanza kula maganda, akasema haya ni makosa yake kutokuja mapema, kwani penye miti ni pake.

Bi Sange akasimama pale, pua imening'inia. Alikuwa na mkubwa mmoja wa kumharibia, sasa anao wawili. Na huyu wa pili amemwita kwa mdomo wake mwenyewe. Alitaka kulia. Lakini aliwaza wanawe ndani ya gogo, na gogo lilikuwa hatua ishirini tu kutoka alipokuwa Ndovu, na Ndovu alikuwa anautazama mti wa pili.

Mara, bwi, bwi, bwi. Mbogo huyo, anakuja na jua usoni, haoni, anakula. Akagonga mguu wa Ndovu kwa pua.

Wakatazamana.

"Unafanya nini msituni kwangu?" Ndovu akauliza.

"Wewe unafanya nini mbugani kwangu?"

"Tazama juu."

"Tazama chini."

Ndovu akatazama chini, nyasi. Mbogo akatazama juu, majani. Wote wawili hayo hawakuyatarajia. Kisha Ndovu akasema kitu kingine kinachomshangaza, kwamba majani ya hapa ni machanga lakini ni mekundu, na kwake jani likiwa jekundu limekufa. Mbogo naye akasema hata yeye haelewi, nyasi zimeota na mvua haijanyesha. Lakini kutoelewa hakukuwapunguzia tamaa. Mbogo akaparua ardhi. Ndovu akatanua masikio. Wangepigana hapo, na wangeponda kila kilicho hai chini yao, na gogo lile lisingebaki.

Bi Sange akaruka juu ya mti ulioanguka, akapiga miguu, tu-tu-tu-tu, wakamsikia. Akaomba radhi kwa kuingia kati ya wakubwa. Akasema yeye ni mdogo, hajui kitu, ila wao waliapa, na kiapo kina maneno. Wayaseme tu maneno yale, kila mtu yake, waamuliwe na ndimi zao wenyewe.

Ndovu akaanza, kwa sauti kubwa: "Msitu ni pale majani ya juu yamekumbatiana hata jua halifiki..."

Upepo ukatikisa majani. Doa la jua likatua juu ya mkonga wake, likakaa. Ndovu akalitazama. Akalifukuza kwa sikio, halikuondoka.

"Endelea, bwana," Bi Sange akasema.

Ndovu hakuendelea. Mbogo akacheka mpaka mabega yakatikisika, akasema sasa asikilizwe yeye: "Mbuga ni pale jua linalala juu ya nyasi bila..."

Kivuli cha tawi kikamfunika uso. Akasogea, kivuli cha tawi jingine kikampokea. Mbogo akafunga mdomo.

"Wakubwa zangu," Bi Sange akasema, "mimi nimechanganyikiwa, nisaidieni. Bwana Ndovu, kwa maneno yako mwenyewe hapa si msitu. Basi umekula mbugani, kwa mwenzako. Bwana Mbogo, kwa maneno yako mwenyewe hapa si mbuga. Basi umekula msituni, kwa mwenzako. Wote mmekula, maganda haya hapa na nyasi hizi hapa. Basi Bwana Ndovu atatoka msituni, na Bwana Mbogo atatoka mbugani. Mtakwenda wapi sijui. Labda Ngamia ana nafasi."

Ganda la mtundu lilikuwa bado limening'inia mdomoni mwa Ndovu. Akaliachia taratibu, likaanguka. Mbogo naye akatema nyasi, moja moja, kama mtu anayetema miiba ya samaki.

Kila mmoja alipiga hesabu yake kichwani. Ndovu aliwaza mchanga wa jangwa kwenye mkonga. Mbogo aliwaza mto wake na nyasi zake, na nyamera wakizila. Walifikiri muda mrefu, na kwa kuwa vichwa vyao ni vikubwa, mawazo yalichukua muda kuvuka.

"Na kama hapa," Ndovu akasema mwishowe, "si msitu, wala si mbuga?"

"Itakuwa nini, bwana?"

"Sijui. Haitakuwa kitu."

"Haitakuwa kitu," Mbogo akadakia haraka. "Na kama si kitu, mimi sikula kwako."

"Wala mimi sikula kwako."

Bi Sange akapindapinda pua, kama anayepima jambo zito. Akasema kama ndivyo, basi wamekula mahali pasipo na mwenyewe, na hilo kiapo hakikulitaja. Yeye hatamwambia mtu. Ila wanyama wengine wakiwakuta hapa, wataanza kuuliza hapa ni wapi, na maswali yataanza upya.

Hakuhitaji kuongeza. Mbogo aligeuka. Alimwomba Bi Sange amwonyeshe pa kukanyaga, akatoka mguu mmoja mmoja, kama mtu anayevuka chumba alimolala mgonjwa. Ndovu akatoka kwa upande wake, akinyanyua miguu juu sana, masikio ameyabana, mkonga ameukunja, asiguse hata jani. Ukingoni akasimama akageuka, akatazama juu, akatazama chini, akatikisa kichwa, akaingia gizani kwake.

Hata leo mbogo ndivyo alivyo. Ukikutana naye porini hakimbii kwanza wala hakurukii kwanza. Anainua pua, anakutazama, anatazama. Anataka kujua amesimama wapi. Akishaamua, ni juu yako.

Bi Sange alikwenda kwenye gogo akawatoa wanawe. Mmoja alikuwa amelala. Wakatazama mtundu ulioanguka, na shimo la mwanga lililobaki juu yake, anga tupu mahali palipokuwa na majani. Bi Sange alikaa kidogo chini ya shimo lile. Mti ule ulikuwepo tangu bibi yake. Kisha mawingu yakaja, na matone ya kwanza yakaanguka, pa, pa, pa, juu ya majani mekundu, na wiki ile ile majani yakaanza kugeuka kijani.

Mtoto mkubwa, ambaye ndani ya gogo alikuwa amesikia ubishi wote na kichwa kilikuwa kinamzunguka, akamwuliza: "Mama, hapa kwetu ni wapi?"

"Hapo uliposimama pana jani," Bi Sange akamwambia. "Liondoe."

Mtoto akaliondoa. Wakafagia mpaka jioni.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni kama uji bila chumvi. Funzo ni hili: mdogo asitie neno wakubwa wakizungumza. Na kila kitu duniani kina jina lake na mahali pake, asiyejua kwao panaitwaje huyo amepotea.

Nyamizi anasema Bi Sange alitia neno, na jina la kwao hakulisema, na hakupotea. Ndiyo, Nyamizi, lakini umeona taabu aliyoipata? Mbogo na Ndovu wamepumzika. Yeye mpaka leo anafagia.

Ngano nimeitua hapa, nusu juani, nusu kivulini. Aliyeielewa amweleze mwenzake, na asiyeielewa aibebe hivyo hivyo akalale nayo.